Vibao Saba

Jumanne karani wa mahakama alikuja Barabara ya Kumi na Nne
na mfuko wa salfeti: vibao saba vya mvule
nilivyoviandika mwenyewe miaka tisa iliyopita.
"Wafute wanne," akasema, "watatu wabaki.
Dodoma wamebadili wajumbe wa kamati."

Kamati ile ya kuwaangalia mahakimu,
yaani ya kumuuliza anayetuuliza.

Mbao mpya hakuna. Fedha ya ofisi, unaijua.
Nikashika msasa.
Akaondoka Katibu Tawala, vumbi jekundu juu ya ndala zangu.
Akaondoka wakili Semkiwa, ambaye dada yake
ameolewa na hakimu mwenyewe,
na Ngamiani hii nani hakula pilau ya harusi ile?
Akaondoka mwenye kiwanda cha kamba.
Akaondoka na wa nne, marehemu tangu mwaka juzi,
posho yake ikisainiwa kila kikao.

Mvule una kiburi. Ukifuta jina
herufi zinabaki chini kama makovu ya ndui;
kiinamishe kibao kwenye mwanga, utasoma.
Juu ya makovu nikaandika:
Mwalimu Kilua. Bw. Hizza wa chama cha wakata mkonge.
Bw. Mbarouk, muuza vipuri.
Bi. Estelina Mntambo, muuguzi mstaafu.

Rangi haijakauka nikavibeba kwenye trei ya mikate ya jirani,
nikafika saa tatu na nusu. Malipo?
Subiri koridoni.

Koridoni benchi moja, na juu yake Mwanjaa wa Duga,
bahasha ya kaki mapajani, pembe zake
zimeshonwa kwa uzi mweusi zisichanike.
Kiwanja cha marehemu mumewe.
Hukumu iliyosomwa siku ambayo hakuitwa.
Amelalamika, na kamati imeahirisha mara kumi na moja.
Ile ya kwanza mjukuu wake alikuwa tumboni,
sasa anajua kuandika jina lake, anakosea herufi moja tu.

Feni mbovu, kwa hiyo dirisha wazi.
Tukasikia viti, kikohozi, maji yakimiminwa.
Wamefika watano. Akidi ni watano.
Kisha sauti ya mwanamke, ya mtu aliyezoea kuamsha wagonjwa:
"Kabla hatujaanza. Hakimu huyu
aliniamulia kesi ya mpaka wa shamba, kule Pongwe.
Nilishinda. Sistahili kukaa hapa leo."

Kimya.
Miaka tisa hakuna aliyeinuka kwenye meza ile
isipokuwa kwa chai.
Kiti kikasukumwa. Akatoka, mkoba kwapani,
akatupita akinukia sabuni ya hospitali,
kidole gumba cheusi kwa rangi yangu.

Wakabaki wanne. Wanne si akidi.
Karani akachungulia mlangoni, akatamka tarehe,
na hilo likawa ahirisho la kumi na mbili.

Nilidhani atalia. Nikatazama dari.
"Yule aliyetoka ni nani?"
Nikamwambia.
"Alishinda kesi, na bado katoka?"
"Katoka kwa sababu alishinda."
Mwanjaa akauvuta uzi wa bahasha, akaukata kwa meno.
"Mara kumi na moja nimeahirishwa na mlango," akasema.
"Leo nimeahirishwa na mtu."
Akaniazima kalamu, akaandika tarehe kwenye kaki,
kubwa, kama anayeandika bei.

Sijui kama ni faraja. Kiwanja bado kina ukuta wa mwingine.
Na wale watatu waliobaki,
majina yao sikuyagusa, rangi yake ya zamani inang'aa vilevile.

Malipo, njoo Ijumaa.
Karani akanirudishia kibao kimoja:
"Hiki kimechafuka, kirekebishe."
Mwishoni mwa Mntambo, juu ya herufi ya mwisho,
alama ya gumba, mistari yake yote inaonekana.

Kiko hapa dukani, kimekauka.
Msasa uko karibu.
Sijakigusa.